Kijana wangu anataka nyoka: tumchukue yule wa kituoni au tununue kwa mfugaji?

Shangazi shikamoo,

Naomba unisaidie maana hapa nyumbani tumegawanyika na mimi ndo niko katikati. Sisi ni Watanzania, tunaishi Marietta, Georgia, mimi na mume wangu na watoto wawili, wa kiume ana miaka 13 na wa kike ana 7. Sasa huyu wa kiume tangu mwaka juzi hana wimbo mwingine ila nyoka. Mwanzoni nikasema itapita tu, haikupita, vitabu vya maktaba kamaliza, video kaangalia, anajua nyuzi joto na unyevu na panya wa saizi gani, anakata nyasi kwa majirani hela anaweka kwenye kopo. Baba yake akamwambia lete kwanza maksi nzuri ndo tuongee, alidhani amemaliza mjadala, mtoto kaleta maksi. Ahadi ni deni Shangazi, sasa inabidi tulipe.

Mume wangu amekulia Handeni, kaka yake aliumwa na kifutu shambani wakiwa wadogo, alipona lakini mguu haukurudi sawa mpaka leo. Kwa hiyo kwake nyoka ni nyoka, haelewi mtu mwenye akili anamwingizaje ndani kwa hela yake. Ila ahadi alitoa mwenyewe, amesema fanyeni lakini mimi nisimwone.

Tuna njia mbili, na ya tatu imejitokeza juzi.

Ya kwanza, kuna kituo cha kuokoa reptilia, ni watu wanaojitolea tu, kama saa nzima kwa gari kutoka kwetu. Wana chatu wale wafupi wa Afrika Magharibi, hapa wanawaita boli paitoni, dume, ana miaka kama 8 hivi, rangi yake ile ya kawaida ya kahawia na nyeusi. Mwenyewe alikuwa kijana, kaenda chuo na bwenini hawaruhusu. Ada yao ni dola 75 na anakuja na tanki lake la kioo na kila kitu. Lakini walituambia wazi kwamba alivyofika alikuwa amekonda na gamba la zamani limemganda mwilini halitoki, sasa hivi wanasema yuko vizuri na anakula. Halafu wana fomu ndefu, wanataka picha za nyumba, barua ya mwenye nyumba, na waongee na sisi wote.

Ya pili, kuna mfugaji tulimkuta kwenye maonyesho ya reptilia. Yeye anazalisha mwenyewe, ana vitoto vya mwaka huu, vidogo kama kamba ya kiatu, vizuri kwa kweli hata mimi ninayeogopa nilivitazama. Kijana wangu kapenda mmoja wa njano mwenye mistari myembamba kama utando, aina hiyo wanaiita spaida. Dola 180. Hana fomu wala maswali, anasema tukimtumia amana ya nusu anatuwekea, tusipowahi kuna mtu mwingine anamtaka.

Ya tatu, rafiki yake wa shule ana binamu anayeuza koni sneki, yule mwembamba wa rangi ya machungwa, dola 40 tu, anasema alimpata akiwa mdogo kabisa nyuma ya nyumba kwao huko huko Georgia.

Mimi moyo wangu unaniambia tununue kitoto. Naona kitoto kitakua na mwanangu watazoeana, lakini mkubwa aliyeshaachwa na mtu sijui ana tabia gani, mnyama haachwi bure. Lakini tulipotoka kule kituoni mwanangu alikaa kimya njia nzima, tukakaribia nyumbani ndo akasema, mama yule amekaa pale peke yake muda mrefu. Tangu hapo na yeye hajui anamtaka yupi.

Na kuna jambo jingine. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa kumi na moja, atakaa miezi mitatu, ana miaka 71 na ana sukari. Hajaambiwa kitu. Tumwambie? Na hizi habari kwamba hawa nyoka wanakataa kula miezi ni kweli, itakuwaje akifika akagoma?

Mama wa Wawili, Marietta

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kijana aliyeleta maksi.

Nakujibu moja kwa moja halafu ndo nieleze. Mchukueni yule dume wa kituoni, ila asiingie nyumbani mpaka bibi awe amesharudi Tanga, na msisaini chochote kabla hamjamwona kwa macho yenu akila. Yule wa njano muacheni. Koni sneki wa dola 40 msimguse kabisa, huyo nitaanza naye maana ndo mfupi.

Sheria ya Georgia hairuhusu watu kufuga nyoka wa asili wa jimbo hilo wasio na sumu, na koni sneki ni wa asili hapo hapo, anaishi kwenye misitu na maghala yenu. Majimbo mengine mengi anauzwa dukani bila shida na ni nyoka mzuri sana wa kuanzia, mpole, anakula bila usumbufu, ndo maana kijana wako atakuwa amemwona kwenye video nyingi, lakini hizo video hazikutengenezwa kwa ajili ya Georgia. Na huyu kaokotwa nyuma ya nyumba, yaani katolewa porini kabisa. Boli paitoni kwa kuwa ni mgeni kutoka Afrika jimbo halina neno naye. Mwenye nyumba wenu ndo anaweza kuwa na neno, kwa hiyo hiyo barua yake ambayo kituo wanaitaka itafuteni hata kama mngenunua kwingine.

Sasa tuje kwenye umri, maana hapa ndo nataka ukae uwaze vizuri. Boli paitoni anayetunzwa anaishi miaka 20 mpaka 30, na wapo wanaopita hapo mbali, kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis kuna jike lililotaga mayai mwaka 2020 likiwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Mchukue huyo kitoto wa mwaka huu upige hesabu. Kijana wako akifika miaka 18 nyoka atakuwa na miaka 5, ndo kwanza ameanza maisha. Na chuo ndo kile kile kilichomfanya yule kijana mwingine ampeleke wake kituoni, bweni halitabadilika kwa sababu ni mwanao. Akienda, nyoka anabaki na wewe, na mume wako, kwa miaka 20 ijayo. Ukiniambia sawa Shangazi, nitamlisha mimi, basi nitafurahi. Kama huwezi kusema hivyo kwa moyo wote basi hata huyu wa miaka 8 ni mzigo, maana na yeye ana miaka mingi mbele yake, lakini walau ni michache kuliko ya kitoto, na kituo kizuri huwa kinaandika kwenye mkataba kwamba mkishindwa mnamrudisha kwao. Waulizeni hilo. Mfugaji wa kwenye maonyesho hatampokea tena kijana wako akiwa chuoni.

Umesema kitoto kitakua naye watazoeana. Naelewa, ndivyo tunavyofikiri kwa mbwa, lakini nyoka hajengi urafiki wa namna hiyo. Anachofanya ni kuzoea kushikwa, anajifunza kwamba ile mikono na ile harufu haina madhara, na hilo mkubwa analijua tayari. Vitoto vya boli paitoni vina woga, kila kitu duniani kwao ni adui, vinajikunja na kuruka kuuma, haiumizi sana ila mtoto wa miaka 13 akiumwa mara ya kwanza na dada yake wa miaka 7 akiona, kazi unayo. Mkubwa aliyeshikwa tangu utotoni mara nyingi anatulia tu mkononi. Akiogopa anajiviringa donge kichwa kikiwa ndani, ndo asili ya hilo jina lake la boli, yaani mpira. Halafu kwa mtu anayejifunza, kitoto ni dhaifu, ukikosea joto au akiruka milo michache anadhoofika upesi, wakati mkubwa ana akiba mwilini, anakupa nafasi ya kurekebisha.

Na hili la kwamba mnyama haachwi bure. Kweli haachwi bure, lakini kwa nyoka sababu huwa ni ya mtu. Mtu kahama, kaolewa na mtu anayeogopa, mwenye nyumba mpya kakataa, kaenda chuo, kaenda jeshini. Nyoka hana tabia mbaya za kumfanya afukuzwe, habweki, haharibu makochi. Hao wa kituoni wamekwambia wenyewe alivyokuja amekonda na gamba limeganda, bila kuulizwa, na mimi hapo ndo niliwaamini. Anayetaka kukupa mnyama tu ili aondoke hakwambii hivyo.

Nije kwa spaida. Hapa sina furaha na huyo bwana wa maonyesho. Boli paitoni wenye rangi hiyo wanazaliwa na kasoro ya neva inayokuja pamoja na rangi yenyewe, huwezi kupata moja bila nyingine. Kichwa kinatetemeka, kinayumba, wengine wanapinda shingo mpaka kichwa kinatazama juu chini, wengine wakirusha mdomo kukamata panya wanakosa, wakigeuzwa mgongo hawajui kurudi sawa. Wapo ambao kwao ni kidogo tu huioni mpaka wakati wa kula, wapo wanaoteseka. Na kwa kitoto huwezi kujua itakuwa kiasi gani atakapokua. Uingereza chama cha International Herpetological Society kiliwakataza hawa kuuzwa kwenye maonyesho yake kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayewazalisha analijua hili, haiwezekani asijue, na kama amesimama mbele ya mtoto wa miaka 13 akampa bei na habari ya amana bila kumwambia, mimi hela yangu haipati. Hayo maneno ya kuna mtu mwingine anamtaka nayo ni ya kumharakisha mtu asiulize.

Sitaki lakini uondoke ukidhani wafugaji wote wako hivyo, maana nawaheshimu wanaofanya kazi yao vizuri. Hawa nyoka kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, na kwa miaka mingi nchi kama Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikiwasafirisha nje kwa maelfu. Majike yenye mimba na mayai yanachukuliwa mashambani na kwenye mashimo ya panya, yanaanguliwa, vitoto vinapakiwa kwenye ndege. Biashara hiyo inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, boli paitoni yuko kwenye Kiambatisho cha 2, kwa hiyo ni halali ikiwa na karatasi, lakini wengi wanafika na kupe, minyoo, na hofu iliyowajaa mpaka hawali. Ndo wale wa bei poa kabisa unaowakuta baadhi ya maduka. Mfugaji wa kweli anayezalisha kwake anapunguza sababu ya kwenda kufukua mashimo huko Togo, na ana mambo yote, tarehe ya kuangua, wazazi unaonyeshwa, daftari la milo, amekula mara ngapi na nini, ukitaka umwone anakula unakaribishwa, na yeye mwenyewe anakuhoji wewe kuliko unavyomhoji. Siku ile kama kituo kisingekuwa na nyoka anayewafaa ningekwambia tafuta mtu wa namna hiyo, ulipe hata zaidi ya 180, uchukue rangi isiyo na maradhi ndani yake. Lakini yupo anayewafaa, na yuko saa moja kutoka kwenu.

Sasa mkienda kumwangalia tena, nendeni na maswali, muachie kijana ndo aulize maana kasoma. Ana uzito gani leo na alikuja na uzito gani, waonyeshe maandishi. Anakula panya wa friza waliyeyushwa au wa hai? Nataka wa friza, panya hai anang'ata, nimeona nyoka waliotobolewa macho na panya ambao mwenyewe aliwaacha nao usiku. Ameonwa na daktari? Alikuwa na utitiri? Hao ni wadudu wadogo weusi wanajificha chini ya magamba na pembeni ya macho, wanaambukizana haraka nyoka wakiwekwa chumba kimoja, na kituo kina nyoka wengi. Mshike mpitishie kitambaa cheupe cha karatasi, kikitoka na vidoti vyeusi vinavyotembea subirini watibu kwanza. Msikilizeni anavyopumua, kusiwe na mlio wa kubofya wala mapovu puani, na asikae ameinua kichwa mdomo wazi, hayo ni mapafu, na kwa chatu kuna virusi vya nido vinavyoanza hivyo hivyo, kwa hiyo waulize kama wamewahi kumpima. Mgongo uguse, usiwe mkali kama paa la nyumba. Tumbo lisiwe na magamba mekundu au yaliyooza.

Hilo tanki la bure ndo linanipa wasiwasi kuliko nyoka mwenyewe. Gamba kuganda mara nyingi kunatokana na hewa kavu, na tanki la kioo lenye wavu juu linapitisha unyevu wote unatoka, hasa nyumba za huko mnapowasha hita miezi ya baridi. Yaani inawezekana kabisa tanki analokuja nalo ndo lililomfanya awe vile. Msilikatae, ila mjue huenda mkahitaji kufunika sehemu kubwa ya huo wavu, au mkanunua kabati la plastiki au mbao linalofunguka mbele, la sentimita 120 kwa 60 hivi, ambalo hata likiwa la kawaida ni zaidi ya dola 200. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 31 mpaka 33, upande wa baridi 24 mpaka 27, unyevu asilimia 60 hivi na uongezwe kidogo akikaribia kujivua gamba, maficho mawili, moja kila upande, ya kumbana vizuri, maana chatu asiye na pa kujibana hatulii na asiyetulia hali. Themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, ni lazima. Msimwekee pedi wala taa ya joto bila themostati, na yale mawe ya umeme ya kupasha joto msinunue kabisa, yanaunguza. Hela aliyokusanya kijana iende hapa.

Daktari mtafuteni kabla ya nyoka. Siyo kila daktari wa mbwa na paka anawajua hawa, kuna chama chao, Association of Reptilian and Amphibian Veterinarians, kina orodha ya madaktari kwa eneo, na pia chuo kikuu cha Georgia kule Athens hospitali yake ya wanyama inapokea wanyama wa aina hii. Mpelekeni mara moja tu mwanzoni na kinyesi chake kipimwe.

Habari ya bibi. Reptilia wanabeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima kabisa, hawaonyeshi ugonjwa wowote, na CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambao makao yao yako hapo hapo kwenu Atlanta wanashauri watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 65 na zaidi, na wenye kinga dhaifu wasiwashike wala kugusa vitu vyao. Mama mkwe ana 71 na sukari juu yake. Salmonela kwako wewe inaweza kuwa siku chache za kuharisha, kwake inaweza kumlaza hospitali, na hospitali za huko bila bima unazijua mwenyewe. Kuna watu wanafuga na wazee nyumbani kwa kuwa waangalifu sana, lakini ninyi mtakuwa mnajifunza, mkono utasahaulika kuoshwa, na yeye ndo atakuwa anapika na kula na wajukuu. Miezi mitatu siyo kitu kwa mnyama wa miaka 30. Mwambieni kituo ukweli, waulizeni kama wanaweza kumshikilia kwa ada ndogo au kijana awe anakwenda kusaidia kusafisha wikiendi akimzoea huko huko, vituo vya kujitolea huwa havikatai mikono. Akichukuliwa na mtu mwingine katikati, basi amepata kwao, na atakuja mwingine, boli paitoni hawakauki kwenye hivyo vituo.

Binti wa miaka 7 ameshavuka umri wa hatari kubwa lakini aoshe mikono kwa sabuni kila akigusa, na wewe usimame pale, usimtume. Vyombo vya nyoka visioshwe kwenye sinki la jikoni, panya asiyeyushwe kwenye maikrowevu yenu wala kwenye bakuli mnalolia, awe na ndoo yake na mfuko wake kwenye friza uliofungwa. Hilo la friza mume wako atalikataa, nalijua, kanunueni friza ndogo iwekwe gereji.

Kumwambia bibi, mwambieni. Asije akasikia kutoka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba mjukuu anafuga chatu akiwa ameshalala miezi mitatu nyumba hiyo na watu mnapanga kimya kimya. Baba mtoto ndo amwambie mama yake, kwa heshima, bibi akiwa hapo hapo sebuleni, na amwambie kwamba mmesubiri kwa ajili yake. Ataguna, atasoma dua zake, lakini atajua aliheshimiwa.

Na mume wako mwanangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliona mguu wa kaka yake. Usimbembeleze kwa takwimu kwamba huyu hana sumu, anajua, hofu yake haikuanzia kwenye takwimu. Kwetu nyoka wa shambani ni kifutu na koboko na swila, wanaua, mtu aliyefundishwa kuwaogopa alifundishwa vizuri. Sehemu nyingine wamelelewa tofauti, Ouidah kule Benin huyu huyu boli paitoni ana hekalu lake katikati ya mji na akiingia nyumbani kwa mtu anarudishwa kwa upole, na hapa kwetu Wasukuma wanaingia na chatu kwenye ngoma uwanjani watu wakishangilia. Mume wako hajalelewa hivyo na hana deni la kubadilika. Ila kabla ya yote nendeni familia nzima Zoo Atlanta mkatazame reptilia nyuma ya kioo, yeye asimame mbali anakotaka, amwone mwanae anavyoeleza. Halafu nyoka akae chumba cha kijana, mlango wa kabati uwe na kufuli ya kweli siyo kitasa cha kubana, funguo iwe kwako, na hakuna kumtoa baba akiwa nyumbani mpaka baba mwenyewe aseme. Kijana akivunja hili mara moja nyoka anarudi kituoni, na hilo alisikie kabla hajasaini. Amesema asimwone, basi asimwone.

La mwisho ulilouliza, kugoma kula. Ni kweli, na dume mkubwa ndo hodari wa hilo, msimu wa baridi anaweza kukaa wiki nyingi hata miezi bila kugusa kitu na akawa mzima. Akifika kwenu muacheni wiki nzima bila kumshika, msimchungulie kila saa, ndo mjaribu panya mmoja aliyeyushwa akapashwa joto kwa maji ya moto, unene wake usizidi pale mwili wa nyoka ulipo mnene, jioni, taa zimezimwa. Asipokula mtoeni huyo panya, mkae tena wiki moja au mbili mjaribu upya, msimpe kila siku, inamchosha. Akila msimshike siku mbili. Kijana awe na mzani wake mwenyewe wa gramu na daftari, ampime kila baada ya wiki mbili. Uzito ukisimama pale pale vumilieni, hata kama ni mwezi wa pili hajala. Ukishuka zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ule alioingia nao, mpigieni daktari mpange miadi, na akianza kupumua mdomo wazi msisubiri uzito wala miadi, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Shangazi